Haragi Linalokataa Jino

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Masere Ekonomu, mtawa aliyeshika funguo za depo, ghala la chakula la misioni karibu na Bihambwe, hakuniuliza hata jina. Alichota maharagi kitungani, akanitia mkononi.

"Uma moja."

Nikauma. Jino likaingia kidogo.

"Iko muzuri, Masere."

"Iko mubaya! Yenye kupokea jino haiyakauka. Ukifungia ile, itatoka jasho, itaoza na wenzake. Yenye kukauka inakataa jino. Rudisha yote ku jua."

Mimi nilifika darasa la pili tu, na sioni haya. Kazi ya kuhifadhi chakula haikunitaka kalamu. Ilitaka meno, pua na mgongo. Katika depo ile nilijifunza kuanika kwenye mkeka, si kwenye udongo, maana udongo unarudisha maji. Mihogo tulilowesha, tukaikata vipande, tukaikausha: hizo ndizo kosete. Mahindi tulifunga kwa maganda yake, tukayatundika juu ya jiko. Maharagi ya mbegu tulichanganya na majivu yaliyochekechwa, maana majivu yanamkausha kidudu, halafu tukayatia katika kitunga kilichokandikwa mavi ya ng'ombe, na mdomo tukauziba.

Kitunga cha mbegu kina sheria kwetu milimani. Mkono uliokifunga ndio unaokifungua. Na hakikai karibu na nyama. Mama mukwe wangu alisema mbegu ikinusa nyama inasahau udongo.

Vita ilipofika tulikimbilia msitu wa Walikale kwa miguu. Wanawake wa mtaa wetu walinikabidhi mbegu zao zote, kwa kuwa mimi njo nilikuwa muntu wa depo. Tulizibeba kwa zamu. Kila mtu alijua: mbegu zikifa, tutarudi kwetu kuomba-omba.

Kule msituni nilipata kazi kwa Mama Kapita, mke wa mkubwa wa kijiji. Alikausha nyama na samaki kwenye uchanja, kitanda cha miti juu ya moto, akauza. Alikuwa mkali kama pilipili. Nikawa mwanafunzi tena na nywele zangu nyeupe zimeanza. Nilifundishwa kuchagua kuni zenye moshi bila ndimi za moto, na kugeuza samaki kabla ngozi haijapasuka.

Mvua haikutuacha. Nikafungua mbegu, nikauma moja. Jino liliingia kama kwenye ndizi. Chini kabisa ukungu ulikuwa umeanza.

"Ninyi watu wa milima munapenda kufunika," Mama Kapita akasema. "Hapa, yenye unafunika inaoza. Weka ku uchanja."

"Mbegu haikae na nyama, Mama."

"Basi ikae na ukungu."

Jirani yangu mmoja akasema tuzipike leo, tushibe mara moja, kuliko kuzitupa. Wengine wakaanza kutafuta sufuria; walikuwa na njaa. Nikawaambia, "Mikono yangu njo ilifunga. Hakuna sufuria itakula mbegu hii."

Mama Kapita alinitazama, akaguna, halafu akaanza kushusha nyama yake. Iliyokauka akaitundika nyumbani. Samaki wabichi tuliwala sisi sote jioni hiyo, na wale wa sufuria walikula kuliko wote. Tukakwangua mafuta kwenye miti, tukafunga uchanja mwingine juu zaidi, chini ya paa, moshi ufike umepoa.

"Weka mukono pale juu, sali Baba Yetu," akaniambia. "Ukitoa mukono mbele ya kufika Amina, moto iko mingi, itaua mbegu."

Nilisali mpaka Amina, mara nyingi, moto ukipunguzwa. Bwana yake akarudi kutoka mtegoni.

"Nyama yangu iko wapi?"

"Iko inangojea maharagi."

"Maharagi ya nani?"

"Ya wageni wako. Kaa chini, Papa."

Mbegu zilipokataa jino nilizika chache katika ganda bichi la mgomba, kujaribu kama ziko hai. Zikaota. Vita ilipotulia tulirudi Bihambwe nazo, tukapanda, na mashamba yakatupokea.

Baadaye nilikausha sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kule Bweremana, chini ya Presidante wa chama cha wanawake, aliyepiga makelele kwa kila wavu wa kuanikia ulioachwa kwenye umande. Magoti yalipokataa, nikaacha kazi.

Mke wa mtoto wangu, Neema, alikuwa ananicheka. "Mama, maharagi iko ku soko! Unachunga kitunga kama mutoto muchanga." Siku moja njia ya soko ikafungwa na vita, na soko lenyewe likakimbia. Tangu hapo alijifunza. Mikono yangu ilipochoka kwa uzee, alikifunga kitunga yeye mwenyewe.

Juzi tulikimbia tena, mpaka upande wa Kirotshe. Neema aliacha godoro, akabeba kitunga. Njiani mvua ilitupiga. Tulipopata paa, nikamwambia afungue, mkono uliofunga ni wake. Akanichotea moja. Mimi sina meno tena.

"Uma wewe."

Akauma. Nilisikia kabla hajasema: ko!

"Inakataa, Mama."

"Basi ziba."