Siku Tuliyomfuata Nkambo Maporomokoni

Bukari, ule ugali wa mihogo, naila kila siku, tena naipenda. Lakini nikipita mahali mihogo inapolowekwa, ile harufu ya kuoza ikinipanda puani, kichefuchefu kinanishika. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na Papa tulitoka Kalemie kwa jipu la kuazima, kumfuata Nkambo, mama yake Papa, aliyebaki peke yake karibu na maporomoko ya maji, juu milimani kupita Kirungu. Papa alikuwa amembembeleza miaka miwili aje kukaa nasi mjini, na hatimaye alikuwa amekubali.

Ile njia, jamani! Baada ya Kirungu haikuwa njia tena, ilikuwa mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua. Jipu lililala ubavu hadi nikaliona bonde chini ya dirisha langu. Bidoni la mazutu, dumu la dizeli ya jipu, lilikuwa likivuja nyuma yangu. Nikatapika ndani ya kofia ya Papa, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Nilifika nikinuka matapishi na mazutu, nimeikasirikia dunia nzima.

Nkambo alikuwa kwenye kidimbwi pembeni ya maporomoko, akitoa mihogo yake ya mwisho majini. Ilikuwa imelegea, imejaa povu na utelezi. Furushi lake lilikuwa tayari mlangoni. Aliponiona alipiga vigelegele, akanishika uso kwa mikono ile ile. Utelezi ukaniingia mdomoni. Nikatema mate mbele yake.

Papa alikuwa chini ya jipu, akifunga kwa waya bomba la moshi lililokatika njiani. Kwa kelele za maji, hakusikia kitu.

"Unanuka mubaya," nilimwambia Nkambo. "Miye sitaikala na weye mbele. Utaikala nyuma, na bidoni."

Nkambo aliinama akanawa mikono. Akanawa tena. Kisha akalibeba furushi, akalirudisha ndani.

"Mujiendee tu, mwanangu," alimwambia Papa. "Mihogo yangu nitamwachia nani?"

Papa alimsihi mpaka jua likainama. Tulirudi wawili, mimi nimenyoosha miguu kiti cha mbele, nimeridhika kabisa. Nkambo alifia huko kabla ya mvua nyingine, na miaka mingi ilipita kabla sijaelewa nilichofanya.

Papa bado huwasimulia wageni jinsi mama yake alivyokuwa na kichwa kigumu, eti alipenda mihogo kuliko mjukuu wake. Wageni hucheka. Ninyi nimewaambia. Yeye sijaweza.