Daktari wa Samaki wa Dada

Shemeji yangu, mume wa dada, hajawahi kukosea. Muulize mwenyewe, atakwambia. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji, kazi yake kupima klorini na kuitia, na tangu astaafu hakuna mtu anayekunywa glasi ya maji nyumbani kwake bila kukumbushwa ni nani aliyekuwa akiyasafisha. Ukipiga chafya, anajua sababu. Gari la jirani likikataa kuwaka, yeye asiyejua hata kuendesha anatoka na kandambili zake kwenda kufunua boneti.

Alipokosa mtu wa kumtibu, aliwageukia samaki wa dada yangu.

Dada alivunjika nyonga, akawa mtu wa kiti na mkongojo. Binti yake akamnunulia tangi la kioo na samaki wa dhahabu saba, likawekwa sebuleni karibu na kiti chake. Tulidhani ni pambo tu. Lakini yule mkubwa kuliko wote alizoea kuja juu na kula kwenye ncha za vidole vyake, na dada, ambaye tangu aanguke alikuwa akitujibu kwa kuguna, akaanza tena kuongea. Aliongea na samaki kwanza, kisha na sisi. Kwa hiyo samaki sikuwacheka. Nilimcheka daktari wao.

Shemeji aliwalisha asubuhi, mchana na jioni, konzi nzima, eti wanenepe. Chakula kikaoza chini ya tangi, samaki wakaanza kuumwa. Hapo ndipo alipovaa miwani. Aliyeogelea kiubavu ana kizunguzungu. Aliyejibanza kwenye kona ana mawazo. Aliyeota utando mweupe mgongoni kapigwa na baridi, sijui alitoka nje lini bila sweta. Magonjwa yalikuwa mengi, dawa ilikuwa moja: kumwaga maji yote na kujaza mapya, moja kwa moja kutoka bombani.

"Maji yangu mimi," alisema akilipiga bomba kofi la kirafiki, "hukuti kijidudu hata kimoja."

Hilo lilikuwa kweli. Kufikia jioni hukuti kijidudu wala mgonjwa.

Alipokufa wa tatu, nilipita kwenye duka wanakouza samaki wa mapambo. Mwenye duka aliniuliza swali moja tu.

"Maji mnayalaza kwanza?"

Akanieleza kwamba klorini inawaunguza samaki mashavu, wanashindwa kupumua. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima, kisha ubadilishe kidogo kidogo, na mgonjwa apunguziwe chakula. Nilicheka mpaka akanisogezea kigoda. Mtu katia klorini miaka ishirini na sita, halafu haikumbuki!

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa dada nikasema. Sikwenda. Nilijiambia sikio la kufa halisikii dawa, lakini huo ulikuwa uongo wangu mwenyewe. Nilitaka aumbuke mbele ya watu. Huyu bwana amenikosoa kila nikikanyaga kwake, hata namna ya kukata kitunguu, na nilitaka wakati wake ufike huku macho mengi yakitazama. Nikangoja. Wakafa wengine watatu.

Jumapili moja wakaja wakwe wa binti yao, watu wa heshima, na yule samaki mkubwa alikuwa amelala chini ya tangi tangu asubuhi. Dada hakugusa chai yake. Shemeji akakunja mikono ya shati, akamwaga, akajaza, akahutubia wageni juu ya usafi. Nilimwacha amalize. Nilikula biskuti mbili.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ya asali, "hivi kule kazini mlikuwa mnatia nini kuua vijidudu?"

"Klorini!" alijibu kwa fahari. Mdomo ukabaki wazi.

Mkwe mwanamume alikohoa kwenye kikombe. Nilikuwa nimeanza kutabasamu pale samaki alipopanda juu akitweta, mashavu mekundu. Shemeji alitumbukiza mikono yote miwili.

"Leteni maji mengine! Mengine!"

Lakini nyumba ile haikuwa na maji mengine ila yale yale ya bomba. Samaki akamfia viganjani.

Dada alinigeukia. "Wewe ulijua."

"Mwenye duka aliniambia."

"Lini?"

"Alipokufa wa tatu."

Akalitazama tangi tupu, kisha mumewe, aliyesimama analowesha zulia.

"Huyu hakujua," aliniambia.

Wageni wote walikuwa wakinitazama mimi.