Kamera Iliyopimwa kwa Ndagala

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la kamera za mitumba hapa Rumonge, nikitafuta chaja, alipoingia mwalimu wa sayansi. Wanafunzi wake walikuwa wameunda roketi ndogo za karatasi ngumu za kurusha ufukweni, naye alitaka picha ya roketi ikiondoka chini.

"Iko hii kubwa, ya lensi ndefu," muuzaji akasema. "Na iko hii ndogo, ya bei ya chini."

Mwalimu aliishika ile kubwa. "Itawahi? Roketi haingoji."

Muuzaji alitoka mlangoni, akamwita jirani yake, mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa akizipepeta kwenye ungo kuondoa mchanga. "Mama, rusha juu kidogo, mwalimu apige picha."

Mama akarusha. Kamera kubwa ilinasa ungo ukiwa umeshapokea samaki wote. Akarusha tena, na ile ndogo ikazinasa ndagala zikiwa hewani, zinang'aa.

"Chukua hii," muuzaji akasema, akairudisha kubwa kabatini.

"Murakoze," mwalimu akamshukuru kwa Kirundi, kisha akamgeukia mama, akainamisha kichwa: "Murakoze cane."

Nimeshanunua vitu vingi ambavyo ubovu wake niliujulia nyumbani, kwa hiyo namshukuru muuzaji anayepimia bidhaa yake barabarani, mbele ya watu.

Jana nilikuwa nikinunua ndagala mwalimu alipoleta picha ya roketi. Mama alifuta mikono kwenye kitenge, akaitazama kwa muda.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini roketi yenu iko moja tu; ndagala zangu ziliruka ungo mzima."