Siku baba mdogo wa mchumba wangu alipopewa albamu ya marubani wa Kifaransa akidhani ni ukoo wangu

Wakuu, habari za mapumziko.

Haya yamenitokea mwenyewe hapa Doha. Sijaongeza chumvi, na ninayeishi naye yumo humu jukwaani, nikidanganya atanisuta mbele yenu.

Mimi ni dereva wa basi dogo la wafanyakazi wa hoteli. Kwetu Kondoa. Naishi Al Mansoura, nachangia nyumba na Mkenya mmoja wa IT anaitwa Otieno. Mtu safi sana, ila ukarimu wake umezidi, na ndio ulioniponza.

Sasa mimi nina ugonjwa. Nakusanya picha za zamani za ndege za mwanzo za Wafaransa.

Chekeni mmalize, nawasubiri.

Ilianza kwenye duka la vitu vya mtumba. Nilikwenda kutafuta feni, nikakuta boksi la picha. Moja ilikuwa na kitu kama chaga za kitanda zilizofungwa turubai, katikati kakaa jamaa mwenye masharubu, kofia kaigeuza nyuma, anatabasamu utadhani kashafika anakokwenda.

Feni sikununua.

Tangu hapo nawinda mtandaoni. Nimejifunza kutambua picha halisi: weka lenzi, ukiona vidoti vidoti ujue hiyo ni ya kitabuni, umepigwa. Nyingi zina maandishi ya mkono nyuma, majina na mahali. Nayatafsiri kwa simu, naendelea kuchimba. Wale watu nawajua sasa kama majirani.

Naziweka kwenye albamu yenye maua ya waridi kwenye jalada, zile zile za sebuleni kwa mama zetu. Dukani ndiyo pekee niliyoikuta yenye kurasa nene. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Nina mchumba, Zuhura, mtu wa Tanga, yuko mapokezi hotelini. Mkubwa wake hapa Qatar ni baba yake mdogo, dereva wa familia moja kule Umm Salal. Mzee huyu akisema hapana, ni hapana mpaka Tanga. Kuna jamaa kabla yangu alimkataa kwa sababu alipoulizwa ukoo wake alibabaika.

Basi mzee akasema atakuja kuniona Ijumaa, baada ya swala.

Zuhura akanionya, "Na yale makaratasi yako usimtajie. Ataona naolewa na mtoto."

Nikaapa sitataja.

Ijumaa ikafika. Mzee kaja na kanzu imenyooka, harufu ya udi mpaka kwenye ngazi. Nikampa shikamoo, nikamkalisha, nikakimbilia jikoni kwenye pilau. Otieno ndiyo anarudi kutoka kanisani Mesaimeer, maana huku ibada ni Ijumaa, nikamwambia amchangamshe mgeni.

Mnajua desturi yetu, iwe Kenya iwe Bongo. Mgeni akikaa, anapewa albamu asione upweke. Otieno akatazama juu ya friji, akaona albamu ya maua ya waridi ambayo hajawahi kuifungua.

Nikamsikia, "Mzee, si ucheki picha za familia kiasi, juice inakam."

Mwiko ulinidondoka, wakuu.

Nafika sebuleni, mzee kashavaa miwani, yuko ukurasa wa tatu. Na nyie mnajua mgeni akishapewa albamu haifungi tu, ni kukosa adabu. Lazima aulize huyu nani na yule nani mpaka mwisho.

Akainua uso. "Bwana mdogo, hawa ni nani wako?"

Kuna uongo ulinijia wa haraka, niseme ni mabosi wa hoteli. Nikaona aibu. Nikamwambia ukweli: si ndugu zangu mzee, ni marubani wa zamani wa Ufaransa, napenda tu.

Otieno akajifanya anatafuta glasi.

Mzee akageuza ukurasa. Pale kuna picha niipendayo kuliko zote: ndege iko uwanjani, injini inanguruma, na wanaume kibao wameikumbatia mkia, wamekaza meno.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanaizuia mzee. Haina breki."

"Haina breki?"

Wakuu, msisahau huyu ni dereva. Alikaa vizuri. Akataka kujua usukani uko wapi. Nikamwonesha kifimbo cha mkononi, na miguu inavyogeuza mkia. Akauliza inasimamaje ikitua. Nikamwambia anazima injini, majani yanafanya kazi iliyobaki. Mzee alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Tukaenda picha moja moja. Huyu alianguka kwenye shamba la watu akafukuzwa na mwenye shamba. Huyu fundi wake ni shemeji yake. Nilijisahau kabisa, najieleza kwa mikono miwili.

"Bro, kitu inachomeka huko!" Otieno akapiga kelele.

Pilau ilishika. Tulikula ya juu, ya chini tukaiachia sufuria.

Baada ya kunawa, mzee akakaa sawa. Sura ya kucheka imeondoka.

"Fundi wa Mfaransa unajua ni shemeji ya nani. Sasa nitajie wa kwako. Mama yake babu yako mzaa baba aliitwa nani?"

Sikujua. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, Zuhura anauliza "vipi?", nami namwona anaponyoka hivi hivi.

Nikasema, "Sijui mzee. Ila anayejua yupo, naomba nimpigie sasa hivi."

Nikampigia mama video call. Alikuwa anapeta mchele, akajitanda upesi. Nikamweleza, nikamkabidhi mzee simu.

"Assalaam aleikum dada yangu."

"Waaleikum salaam kaka. Aliitwa Mwanaidi. Mtu wa Haubi, mfinyanzi, na alikuwa mkali huyo!"

Hapo sikuhitajika tena. Mama alimwaga ukoo wote, walioolewa wapi, waliogombana na nani. Simu ikapata moto, Otieno akaleta chaja. Nilikuwa nayasikia mengi kwa mara ya kwanza, nimekaa kwenye zulia kama mgeni kwetu.

Mwisho mzee akanirudishia simu. "Mama yako ni mtu. Lete posa."

Nilimkumbatia Otieno badala ya mzee, kwa kuchanganyikiwa.

Funzo nililopata: unachokipenda usikifiche, lakini udadisi ule ule anza nao nyumbani. Wafaransa wale nawajua kwa sababu kuna mtu alichukua kalamu akaandika nyuma ya picha. Kwetu nani ameandika?

Zuhura ameshaweka sharti lake. Picha za harusi zote zichapwe kwenye karatasi, na nyuma ya kila moja niandike kwa mkono wangu nani ni nani.

Haya wakuu, bila kupiga simu nyumbani: mama yake babu yako mzaa baba aliitwa nani? Andika jina lake hapo chini.