Chai Tu

Wateja walimpa jina la Fundi Sentimita, nusu kwa heshima na nusu kwa kumsema. Hakuna aliyewahi kuingia kwenye chumba chake cha kushonea akatoka bila kupimwa upya, hata kama alipimwa wiki iliyopita. Mteja akivuta tumbo ndani ili kiuno kionekane chembamba, fundi anashusha tepu, anaegemea meza ya kukatia, anangoja. Ana subira ya ajabu kwa mambo ya namna hiyo.

"Toa pumzi, ndugu yangu," anasema kwa upole. "Suruali utaivaa ukiwa unapumua."

Mwenyewe tepu hiyo hakuwahi kuizungusha kiunoni mwake. Mashati yake alijishonea kwa kukadiria, na kila mwaka makadirio yalizidi kuwa mapana. Mkewe, ambaye watu wa mtaani walimwita Mama tu, kama vile mtaa mzima hauna mama mwingine, alishaacha kumtania juu ya hilo. Kitambaa kilikuwa cha kwao, na mwili ni wa mwenyewe.

Ugomvi ulianzia kwenye goti la kulia. Kwanza lilikuwa likilalamika asubuhi, kisha likawa linalalamika kutwa, mwishowe likagoma kabisa. Cherehani ya fundi ni ya miguu. Mota alishawahi kufungiwa, ikamkimbiza kwenye kola ya mtu mpaka kola ikawa na umbo la jani, akaing'oa siku hiyo hiyo. Mguu wake, alisema, ndio unaojua mwendo. Sasa mguu huo ukikanyaga kidogo tu anauma midomo, na suruali aliyokuwa akiimaliza kabla ya jua kuzama ilikuwa inalala juu ya meza siku tatu. Alikuwa anaogopa, ingawa hakumwambia mtu. Fundi asiyeweza kukanyaga hubaki kushona vifungo vya watu, tena kwa kuhurumiwa.

Daktari wa mifupa alikubali kumfanyia upasuaji, ila kwa sharti. Kilo mia moja na tatu ni mzigo ambao goti jipya halitaustahimili. Ashuke hadi tisini na tano ndani ya miezi miwili, la sivyo nafasi yake anapewa anayefuata kwenye foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ndefu. Akapelekwa kwa mshauri wa lishe, dada mmoja mchangamfu mwenye ofisi ndogo mwisho wa korido, akaulizwa anachokula kuanzia anapoamka. Mchana, fundi akasema, wali na mboga, nyama ikiwepo. Usiku hivyo hivyo. Dada akauliza na asubuhi je.

"Asubuhi sili," fundi akajibu. "Nakunywa chai tu."

"Hapo vizuri sana. Hapo usibadilishe kitu."

Fundi si mtu wa kupuuza maagizo. Alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

Binti yao anayefanya kazi mji mwingine aliposikia habari hizo, alituma mizani ndogo ya jikoni, na kwa simu akamwelekeza baba yake namna ya kuweka programu ya kuhesabu kalori. Unapima chakula, unaandika ni nini na ni gramu ngapi, simu inakwambia umekula kiasi gani cha nguvu na umebakiza kiasi gani. Jioni binti naye anayaona yote kule aliko. Alidhani baba yake atachoka baada ya siku mbili. Hakukumbuka anazungumza na nani.

Fundi alizama. Alipima bakuli likiwa tupu, akalipima likiwa na wali, akaongeza kijiko, akatoa nusu kijiko, akarudisha punje kadhaa sufuriani kwa ncha za vidole kama anayechambua shanga. Nyama aliipima na mfupa wake, akaila, kisha akaupima mfupa peke yake na kuutoa kwenye hesabu, na siku hiyo alikuwa na furaha mpaka usiku. Chumvi tu ndiyo aliyoisamehe, baada ya simu kumhakikishia kwamba haina kalori. Mama alikuwa anasimama kando na mwiko mkononi akitazama mvuke ukiisha. Wali ulikuwa unafika mdomoni umeshapoa, lakini umeandikwa.

Jikoni kukawa na sheria. Mafuta ni kijiko kimoja, kilichofutwa juu kwa kisu kiwe sawasawa. Mama alikubali, kwa sababu na yeye alilitaka goti hilo lipone. Ndiye aliyekuwa akiamshwa na mguno wa mzee kila anapojigeuza kitandani.

Ila mizani ilikuwa haiamki kabla ya saa sita mchana. Asubuhi ilikuwa imelala juu ya kabati, na chini yake fundi ameketi mezani anavuta sahani ya mkate, anapaka siagi, anamenya yai la pili, anakoroga sukari. Simu ikimuuliza amekula nini, anapangusa vidole na kuandika kwa uaminifu wote: chai, vikombe viwili. Simu inamjibu kalori nne. Binti akiona hizo nne, anafurahi kwamba baba ameacha vitafunio, anamtumia sifa. Fundi akishasifiwa anamalizia kiazi.

Na tusimcheke haraka. Muulize mtu yeyote unayemfahamu amekula nini asubuhi, atakwambia chai. Haongopi. Kula ni kunawa mikono na kuketi mbele ya sahani yenye moshi. Hivyo vingine ni vya kusindikizia chai, na msindikizaji hahesabiwi na wasafiri.

Kilo moja ilitoka wiki ya kwanza, pengine kwa mshtuko. Wiki ya pili ikarudi nusu yake. Baada ya hapo mshale wa mizani ya duka la dawa haukusogea, na fundi akaanza kukosa usingizi. Mchana alikuwa akiondoka mezani tumbo linanguruma, usiku vivyo hivyo, na hesabu zake hazikuwa na tundu hata la sindano. Kama anayepima hakosei, basi anayekosea ni mwingine. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu.

Binti naye alichangia bila kujua. Alipiga simu akamuuliza mama yake, kwa lugha laini ya mtu anayejua anagusa pabaya, kama mafuta yanapimwa kweli au yanamiminwa kwa mazoea. Mama akasema yanapimwa. Fundi aliyasikia mazungumzo hayo akiwa sebuleni, akashika kidevu.

Kesho yake jioni alichukua uzi mwekundu akaufunga kwenye chupa ya mafuta, pale pale mafuta yalipokomea. Aliukaza kwa fundo lake la kifundi, akarudisha chupa nyuma ya sufuria. Alijiona mjanja kweli. Uzi mwekundu, kwenye chupa ya njano, ndani ya jiko la mwanamke aliyelipanga mwenyewe miaka yote hiyo.

Mama aliuona asubuhi iliyofuata. Hakuuliza. Alipika, akapima kijiko chake, akakifuta kwa kisu. Ilipofika saa ya kula hakupakua. Aliweka sufuria mezani, mwiko juu yake, mizani pembeni, akasema, "Jipakulie," akaenda kukaa nje na sahani yake. Tangu waoane hakuwahi kumwacha ajipakulie, hata walipokuwa wamenuniana. Fundi alijipimia gramu zake mia moja na hamsini, akazila peke yake akitazama ukuta. Alipozimaliza, bado alitaka nyingine.

Miezi miwili ilipokaribia kwisha, hospitali ikapiga simu: aje, na aje pamoja na anayempikia. Fundi alilipokea hilo kwa moyo wa mtu ambaye kesi yake imefika kwa hakimu mwenye akili. Mama alivaa nguo yake nzuri, akachukua mkoba mkubwa.

Ofisini fundi alivua viatu, akavua mkanda na saa, akatoa mkasi mdogo mfukoni, akapanda juu ya mizani na kuvuta tumbo ndani. Mshauri alisubiri mpaka pumzi zikamwisha mwenyewe. Kilo mia moja na mbili na nusu. Akasema kwa huzuni ya kweli kwamba kwa uzito huo daktari hatamgusa, na nafasi ya mwezi huu imeshakwenda.

Fundi aliketi taratibu. Alitoa simu, akaisukuma mbele. Mshauri alisoma siku moja baada ya nyingine, uso ukibadilika. Alisema hajawahi kuona mtu aliyeandika vizuri namna hii, na kwamba anayekula hivi angekuwa ameshapungua zamani.

"Mimi kazi yangu ni kupima," fundi akasema akitazama dari. "Anayepika ni mwenzangu."

Mama alifungua mkoba, akatoa chupa ya mafuta na uzi wake mwekundu, akaiweka katikati ya meza.

"Uzi ni wake, mafuta ni yangu," akamwambia mshauri. "Pima mwenyewe, mwanangu."

Mshauri aliinua chupa, akaitazama, akauma mdomo wa chini ili asicheke. Chini ya uzi palikuwa pamepungua vidole viwili tu, kwa muda wote huo. Akasema mafuta haya hayana kosa lolote. Halafu akarudi kwenye simu, akaanza kuuliza upya, polepole, tangu kuamka. Asubuhi?

"Chai tu," walijibu wote wawili kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana mwezi huo.

Kalamu ya mshauri ilishagusa karatasi, ikasimama. "Mama, hiyo chai ina nini?"

Mama alimjibu bila hila, kwa sababu na yeye alikuwa hajaliona. Maji, maziwa kidogo, majani, sukari. Sukari ya mzee vijiko vinne, kwa kila kikombe. Mshauri akauliza na ya kutafuna. Ya kutafuna ni ya kawaida tu, mama akasema: mkate, vipande vinne, siku hizi vitano, maana mchana mzee anajinyima sana mpaka anamhurumia. Siagi ndiyo, mkate mkavu atakula nani? Mayai mawili. Viazi vitamu vikiwepo sokoni, na msimu huu vipo. Karanga hapana, karanga si za asubuhi, hizo anabeba kazini kwa ajili ya chai ya saa nne.

Hapo mama aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akaweka kiganja mdomoni.

Mshauri alijumlisha kwa kalamu, akajumlisha tena. "Kwa haraka haraka, kalori elfu moja na mia tatu. Simu imeandika nne."

"Lakini hicho si chakula," fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayetetea nyumba yake. "Hiyo ni chai."

Mshauri hakumcheka. Alisema na yeye anastahili lawama, kwa kuwa ndiye aliyemwambia hapo asibadilishe kitu, na neno lenyewe lilimpita kama linavyompita kila mtu. Akatoka nje, wakamsikia akizungumza kwenye simu ya korido, akarudi na habari kwamba daktari atamrudisha kwenye foleni, apewe wiki sita nyingine. Chai ikipimwa kama wali, zinatosha. Fundi alishukuru. Goti lilikuwa halijapotea, na alipaswa kufurahi, lakini aligeuka kumtazama mkewe akaona hatabasamu.

"Wiki zote hizo," mama akasema, akiitazama chupa na si yeye, "nimekuwa mwizi ndani ya jiko langu. Nikikohoa karibu na sufuria nasikia unasimama mlangoni. Ningekuwa nimekutilia hayo mafuta, nisingeumia hivi."

Mshauri aliinamia karatasi zake kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo. Fundi aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni, na safari hii hakukuwa na namba ya kujificha nyuma yake.

"Nimekukosea, mama watoto."

"Kiasi gani?"

Fundi alimtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha.

"Sana."

"Sana ndiyo kiasi gani? Wewe si unapima?"

Aliweka mikono juu ya mapaja, yule mtu aliyewahi kuutoa mfupa kwenye hesabu ya nyama.

"Hilo sina kipimo chake," akasema.

Mama alifuta jicho moja kwa upande wa kidole, akasimama, akamsogezea bega ashike, maana kiti kilikuwa kifupi, na goti lilikuwa halijasikia habari yoyote ya msamaha.