Kadi ya kaka yangu imekataa getini

Jamani, leo mwanangu amemfungia geti mjomba wake.

Mnanijua nilivyo na mdomo. Nani humu sijamwambia kwamba Neema wangu ni IT mgodini, kwamba kadi zote za getini zinafunguliwa na kompyuta yake? Nimetamba mpaka sokoni. Mimi niliyeishia la saba!

Asubuhi kaka yangu, naye anafanya kazi mgodi huohuo, kafika kwa zamu yake, kagusisha kadi. Taa nyekundu.

Karudia. Nyekundu.

Akampigia Neema huku anacheka: "We mtoto, mashine yako inanichezea. Hebu nifungulie."



Neema akasema, "Mjomba, nisamehe. Jana nililetewa orodha ya wanaopunguzwa kazi, nifunge kadi zao. Niliambiwa nisiseme."

Kaka akageuka na kofia yake ngumu mkononi, wenzake wanampita kuingia ndani.

Huyu ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili Neema amalize chuo. Wasukuma wenzangu, thamani ya ng'ombe kwetu mnaijua, siwaelezi.

Sasa hivi yuko hapa kwangu Shinyanga. Nimempakulia ugali, hajaugusa. Ananiambia, "Dada, usimgombeze mtoto. Angekataa, wangemfungia na yeye."



Neema amenipigia mara nne. Sijapokea. Wala si hasira, jamani. Nikisikia sauti yake nitalia, na kaka amekaa hapa ananitazama.

Simu inaita tena. Wazazi wenzangu, nianze na neno gani?