Baba Anaaga kwa Kahawa za Kutafuna

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, niko likizo kwetu Nkwenda, Baba alipotangaza kwamba moyo wake umekwisha. Kifua kinaungua, akasema, na mtu wa umri wake haungui kifua bure. Sikuulizwa neno. Kwetu daktari ni yule aliyemaliza chuo. Sisi wengine tunachota maji.

Nikamsikiliza kifua kwa lazima. Mapafu safi, moyo unadunda vizuri. Lakini niliogopa, maana tulifundishwa kwamba maumivu ya moyo na ya tumbo huwachanganya hata mabingwa. Nikamwambia twende hospitali leo hii. Akasema kesho, kwanza awaage ndugu. Nilikasirika, nikafoka, kisha nikapanda nyuma yake kwenye pikipiki ya kukodi, dereva akiwa mbele.

Kijiji cha Ndama, kisha Rugu, kila nyumba ni yale yale: shikamoo, pole, halafu kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, buni nzima zilizochemshwa zikakaushwa. Mgeni kwetu hupokewa kwa kahawa hizo, na kuzikataa ni kumtukana mwenye nyumba. Mtu anayeaga dunia angetukanaje watu? Alitafuna. Ikafuata rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kisha akaegemea kiti, akashika kifua.

"Mmeona?" akawaambia. "Ugonjwa unanifuata hadi hapa!"

Shangazi akaangua kilio, akamwongezea kahawa za kumtia nguvu.

Kwenye kilima cha kutoka Rugu pikipiki ikazima. Baba akaisukuma hadi juu, huku akimgombeza dereva njia nzima, wala hakugusa kifua. Moyo mgonjwa hulalamika kwenye kazi nzito kama ile. Wake ulilalamika kwenye kiti tu, baada ya kikapu. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikikosea hapa, anayekufa ni baba yangu.

Asubuhi nilimburuza hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kikatoka kizuri. Daktari akamuuliza kama anakunywa kahawa.

"Sijawahi kuinywa maishani mwangu," Baba akajibu, ameudhika.

"Anatafuna, daktari," nikasema. "Jana katafuna kwa ukoo mzima."

Daktari, mtu wa Muleba anayezijua kahawa hizo, alicheka mpaka akavua miwani. Ilikuwa tindikali ya tumbo inapanda kifuani. Akampa dawa, akamkataza kahawa, pombe na kulala akiwa ameshiba.

Nje nilimkumbatia Baba nikalia bila aibu, kwa furaha. Yeye aliinamisha kichwa. Nikadhani naye ameguswa.

"Mwanangu," akasema, "yule mdogo wangu wa Ndama, jana ulipokuwa nje nimemwachia ule mpaka wa migomba tunaougombania tangu hujazaliwa. Nilijua nakufa."

"Umefanya vizuri, Baba."

"Tumeshikana mikono. Mbele ya watu. Wakijua ni kahawa tu, nitachekwa na ukoo mzima."

Akatazama huku na huku, akaniomba kwa sauti ndogo nisimwambie mtu yeyote kwamba hafi.